Ardhi iliyoletwa na binti, cheo asichoruhusiwa kurithi binti: kanuni ya makabaila wa Kiingereza ivunjwe au iachwe?

Wanajamvi, naleta mada ambayo Waingereza wenyewe wameibishania kwa zaidi ya miaka kumi bila kuimaliza. Mwaka 2013 Bunge lao lilipitisha sheria mpya ya urithi wa kiti cha enzi, ikaanza kutumika Machi 2015. Tangu hapo kifungua mimba ndiye anayetangulia, awe wa kike au wa kiume, na ndiyo maana Princess Charlotte yuko mbele ya mdogo wake Louis. Lakini sheria hiyo haikugusa vyeo vya makabaila. Kwa Duke, Marquess, Earl, Viscount na Baron, karibu wote, kanuni ni ileile ya zamani: cheo kinakwenda kwa mtoto wa kiume. Asipokuwepo, anatafutwa kaka wa marehemu, mtoto wa kaka, binamu, hata jamaa wa mbali ambaye nyumbani hawajawahi kumwona. Asipopatikana mwanamume hata mmoja wa ukoo ule, cheo kinakufa huku mabinti wako hai na wamekaa palepale. Mwaka huohuo wa 2013 mswada wa kuwafungulia mabinti mlango ulipelekwa katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lao. Haukufika mwisho.

Swali ni hilo: ivunjwe au iachwe? Msimamo wangu nautaja mapema: ivunjwe. Usawa wa mwanamke na mwanamume peke yake ungetosha kuwa sababu, lakini mimi nina sababu nyingine, na ndiyo nataka tuijadili kwa kina. Sehemu kubwa ya mali inayolindwa na kanuni hii iliingia katika koo hizo kwa mlango wa ndoa, ikiletwa na wanawake. Binti alikuwa na thamani kama mlango wa kuingizia mali, na hakuwa na thamani kama mtu wa kukabidhiwa.

Chukueni ukoo wa Grosvenor, watu wa Duke wa Westminster, wanaomiliki sehemu kubwa ya Mayfair na Belgravia katikati ya London. Ardhi ile hawakupewa na mfalme wala hawakuipata vitani. Katika karne ya 17 ilikuwa mali ya Hugh Audley, mkopeshaji fedha aliyetajirika kwa riba. Alipofariki mwaka 1662, sehemu ya ardhi ilimwangukia kijana wa ukoo wake, Alexander Davies, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika hati. Davies naye akafa kwa tauni mwaka 1665, akaacha mtoto mchanga wa miezi michache, Mary. Kwa kuwa hakuwa na kaka, mtoto yule akawa mwenye ekari zipatazo 500 za malisho na mabwawa nje ya mji. Mama yake kwanza alifanya mapatano na lodi mmoja ili Mary aolewe na mtoto wake, na fedha zikatolewa; mapatano yakavunjika. Ndipo akaja Sir Thomas Grosvenor wa Cheshire. Oktoba 1677 walifunga ndoa. Bwana harusi alikuwa na miaka 21, bibi harusi 12.

Mary alifiwa na mume mwaka 1700, na akili yake ilikuwa tayari inayumba. Mwaka uliofuata akiwa Paris, mwanamume mmoja akadai amemwoa. Kesi ikaendeshwa miaka kadhaa, kwa sababu aliyemshika Mary ameishika ardhi. Mwaka 1705 alitangazwa rasmi kuwa hana akili timamu, mali ikasimamiwa na wengine, naye akaishi hivyo hadi alipofariki mwaka 1730. Mji ulipopanuka, malisho yale yakawa mitaa ya bei kubwa kuliko karibu yote duniani, na mmojawapo unaitwa Davies Street kwa ajili yake. Ukoo ukapanda kutoka Baron hadi Earl, hadi Marquess, na mwaka 1874 hadi Duke.

Sasa ruka hadi Agosti 2016. Duke wa sita anafariki, na mali inayokadiriwa na magazeti kuwa takriban pauni bilioni 9 inaenda na cheo kwa Hugh Grosvenor, wakati huo ana miaka 25. Hugh ni mtoto wa tatu. Ana dada wawili wakubwa. Sina neno na yeye binafsi, hakuitunga kanuni. Ninachouliza ni hiki: ukoo uliotajirika kwa sababu msichana mmoja aliruhusiwa kurithi, unawezaje kuendelea miaka zaidi ya 300 baadaye kama vile msichana kurithi ni jambo lisilowezekana?

Wengi wakizungumzia ndoa za makabaila wanaangalia nani kamwoa nani: mwigizaji kaolewa na mwana wa mfalme, binti wa mfanyabiashara kaolewa na Earl, basi wanasema tabaka limefunguka. Mimi nasema tuangalie mkataba. Kuanzia katikati ya karne ya 17, kabla ya harusi ya mtoto wa kwanza wa kiume wa ukoo wenye ardhi, mawakili wa pande mbili walikaa na kuandika hati ndefu. Upande wa bibi harusi ulileta fedha taslimu. Upande wa bwana harusi ulitaja posho ambayo bibi harusi atapata akifiwa na mume, na kwa desturi ya karne ya 18 ilikuwa karibu pauni 10 kwa mwaka kwa kila pauni 100 alizokuja nazo. Wadogo na mabinti watakaozaliwa walitengewa mafungu ya fedha. Na ardhi yenyewe ilifungwa kwa ajili ya mtoto wa kwanza wa kiume atakayezaliwa na ndoa ile, yaani mrithi alipangwa kabla mama hajashika mimba.

Baba aliyebaki na ardhi hakuwa mmiliki kamili. Alikula mapato yake maisha yake yote, lakini kuiuza hakuweza. Mtoto alipofika miaka 21, yeye na baba yake kwa pamoja waliweza kuufungua mkataba, na hapo ndipo palipokuwa na ustadi wa mfumo huu. Kijana yule hana kipato, anataka kuoa, anataka nyumba yake. Baba anamwambia: nitakupa posho sasa hivi, wewe tia saini ardhi ifungwe tena kwa mwanao. Anatia saini. Kizazi baada ya kizazi ardhi ikapita namna hiyo bila kugawanywa, na kila mara kalamu ilishikwa wakati wa harusi. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ikaongeza ulinzi: aliye chini ya miaka 21 asingeweza kuoa au kuolewa kwa kibali cha kanisa bila ridhaa ya mzazi, ndiyo maana wapenzi walitorokea Gretna Green, ng'ambo ya mpaka wa Uskoti, ambako sheria ile haikufika.

Kuna hoja ya wanahistoria ambayo naiheshimu, nayo lazima niitaje kwa haki. Wanasema kabaila wa Kiingereza hakuwa kama wa Ufaransa. Kule watoto wote wa kabaila walikuwa makabaila, na anayejishughulisha na biashara ya rejareja angeweza kupoteza hadhi yake. Uingereza mwenye cheo ni mmoja tu. Wadogo zake na watoto wake kisheria ni raia wa kawaida, hata wakiitwa kwa majina ya heshima. Kwa hiyo damu haikuwa ukuta. Binti wa mwenye benki au wa mfanyabiashara aliweza kuwa Duchess, na wajukuu wake hawakupungukiwa na kitu. Ndiyo maana, wanasema, mapinduzi kama ya Ufaransa ya 1789 hayakufika kwao.

Ni kweli mlango ulikuwa wazi. Tazameni maisha ya Harriot Mellon. Alikulia katika kikundi cha waigizaji wa kuzunguka, akapanda jukwaani London, mwaka 1815 akaolewa na Thomas Coutts, mmoja wa wenye benki wakubwa wa nchi ile. Mzee akafa mwaka 1822 akamwachia mali. Mwaka 1827 mwigizaji yule wa zamani akaolewa na Duke wa St Albans, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20. Alipofariki mwaka 1837 utajiri ule haukwenda kwa Duke. Aliuacha kwa mjukuu wa Coutts, binti aitwaye Angela, ambaye tunamjua kama Angela Burdett-Coutts, mfadhili wa shule, nyumba za maskini na makanisa kwa miaka mingi, hadi Malkia Victoria akampa cheo cha Baroness mwaka 1871 kwa haki yake mwenyewe. Lakini wasia wa Harriot ulikuwa na sharti: asiolewe na mgeni. Mwaka 1881, Angela akiwa na miaka 66, aliolewa na katibu wake mzaliwa wa Marekani mwenye miaka 29. Akapoteza sehemu tatu kwa tano za kipato chake. Hata mwanamke aliyekuwa tajiri kupindukia, mwenye cheo chake mwenyewe, ndoa yake ilikuwa na bei iliyoandikwa na mtu aliyekufa zaidi ya miaka 40 kabla.

Kwa hiyo ninapoambiwa mlango ulikuwa wazi, nauliza ulikuwa wazi kwa nani. Ulikuwa wazi kwa fedha. Mtu aliingia akiwa amezibeba.

Jambo hili lilionekana waziwazi kuanzia miaka ya 1870, nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilipoangusha kodi za mashamba ya Kiingereza. Majumba yalivuja, madeni yalikuwa makubwa, na ardhi ilikuwa bado imefungwa. Sheria ya kuruhusu kuiuza ilikuja mwaka 1882. Ndipo wakatafutwa mabinti wa matajiri wa New York na Chicago. Consuelo Vanderbilt aliolewa na Duke wa tisa wa Marlborough tarehe 6 Novemba 1895. Mkataba ulimpa Duke hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5, pamoja na uhakika wa faida ya asilimia 4 kila mwaka. Jumba la Blenheim, makao ya ma-Duke hao, likakarabatiwa. Consuelo akazaa mtoto wa kiume mwaka 1897, wa pili mwaka uliofuata, na mwaka 1906 wakatengana. Talaka ikaja 1921. Mwaka 1926 kanisa Katoliki likaitangaza ndoa kuwa batili, na aliyetoa ushahidi kwamba msichana alilazimishwa alikuwa mama yake mwenyewe. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado inaniuma: binti alikuwa na miaka 18.

Halafu jiulizeni Duke huyo wa tisa alipataje kuwa Duke wa Marlborough. John Churchill, jenerali aliyepewa cheo kile kwa mara ya kwanza, alifiwa na mwanawe wa pekee aliyekuwa hai mwaka 1703. Kwa kanuni ya kawaida cheo kingekufa naye. Lakini alikuwa shujaa wa vita na kipenzi cha Malkia Anne, kwa hiyo mwaka 1706 Bunge likapitisha sheria maalumu kwamba mabinti zake waweze kurithi. Mwaka 1722 binti mkubwa, Henrietta, akawa Duchess kwa haki yake. Baada yake cheo kikaenda kwa mtoto wa kiume wa dada yake, aliyekuwa wa ukoo wa Spencer. Yaani mstari mzima wa ma-Duke hao umepita kwa mabinti! Na si wao pekee. Lord Mountbatten, aliyekuwa Viceroy wa mwisho wa India, yaani mtawala kwa niaba ya mfalme, hakuwa na mtoto wa kiume. Hati yake iliandikwa ili binti arithi, na alipouawa mwaka 1979 binti huyo, Patricia, akawa Countess, yaani Earl wa kike. Vyeo kadhaa vya zamani vya Uskoti navyo hupita kwa mabinti, na hakuna aliyeona mbingu ikianguka.

Hii ndiyo hoja yangu kuu. Kila wakubwa walipohitaji binti arithi, kanuni ilipinda. Anayesema leo kwamba haigusiki aeleze ya 1706.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu

Nawashukuru wote. Nijibu machache yanayohitaji majibu.

Ndugu wa kwanza anasema cheo siku hizi ni jina tu, tuwaache wagawane majina yao. Si jina tu. Mwaka 1999 malodi wa kurithi waliondolewa kwenye Baraza, lakini nafasi 92 zikabakizwa, na wenye nafasi hizo walitunga sheria kama wabunge wengine. Mwanamke wa mwisho miongoni mwao, Countess wa Mar, alistaafu mwaka 2020. Waliobaki wote wakawa wanaume. Serikali ya Labour ilipopeleka mswada wa kuwaondoa mwaka 2024, ubishi ulikuwa mkali, na watu hawabishani hivyo kwa ajili ya jina. Tena mali hufuata cheo. Leo sheria haimlazimishi kabaila kumwachia kijana wa kiume mashamba yote. Anaweza kugawa. Ila jumba na cheo vimezoea kukaa pamoja, na wazazi wengi hawataki kuvitenganisha, hivyo kanuni ya cheo inaamua mpaka nani atalala kwenye nyumba aliyozaliwa.

Dada aliyeandika kutoka Nakuru anauliza yanatuhusu nini. Dada yangu, wewe ndiye unayepaswa kunieleza mimi. Mfumo uliompa mmoja kila kitu uliwaacha wadogo zake na fungu la fedha na elimu nzuri, bila ardhi. Wengi waliingia jeshini, kanisani, kwenye uanasheria, na kwenye makoloni. Denys Finch Hatton, mwana wa pili wa Earl wa Winchilsea, alikuja Kenya mwaka 1911. Ndugu wawili wa ukoo wa Cole, Berkeley na Galbraith, watoto wa Earl wa Enniskillen, walikuja kutafuta mashamba, na dada yao Florence alikuwa mke wa Lord Delamere. Delamere mwenyewe hakuwa mdogo aliyenyimwa; alikuwa na cheo na ardhi Uingereza, na bado akapewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903. Sisemi kanuni ya kurithi ndiyo iliyoleta ukoloni. Nasema vijana waliofundishwa tangu utoto kwamba heshima ni shamba kubwa, kisha wakanyimwa shamba kwao, walikuja kulitafuta Bonde la Ufa, na Wamaasai wakahamishwa kwa mapatano ya 1904 na 1911.

Sheikh mmoja wa Mombasa amekumbusha kwamba katika Uislamu binti ana fungu lake lililotajwa, na hakuna mzazi anayeweza kumfuta. Ni kweli, na ongezeni hili. Familia za pwani zilipoweka wakfu ardhi kwa ajili ya watoto na wajukuu, na mwishowe kwa maskini, mahakama za Kiingereza zilikataa. Msingi ulikuwa hukumu ya kesi ya India ya mwaka 1894: wakfu wa namna hiyo ni batili, kwa kuwa maskini watafikiwa tu baada ya ukoo kwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, kule London, ikautumia msimamo huo kwa kesi ya Kenya. Najua wanasheria watasema mkataba wa makabaila ulikuwa tofauti kwa sababu ulibidi ufungwe upya kila kizazi. Tofauti ipo. Lakini nia ilikuwa ileile, kuifunga ardhi ndani ya ukoo. Kwao ilipata mawakili, kwetu ikapata hukumu.

Hoja iliyonisumbua kweli ni ya kijana aliyeandika: "Ukimpa kifungua mimba wa kike, umebadilisha tu nani anapendelewa. Wadogo zake bado hawana kitu." Sina jibu la kuimaliza hoja hiyo. Ana haki. Kama ingekuwa juu yangu, vyeo vya kurithi visingekuwa na nafasi yoyote katika kutunga sheria, na ardhi ya ukoo ingegawanywa kwa watoto wote. Lakini tofauti kati ya mtoto wa pili na mtoto wa kike ipo. Wa pili amekosa kwa bahati ya kuzaliwa nyuma, na aliyemtangulia akifa, zamu inamfikia. Binti zamu haimfikii kamwe. Wapo mabinti wa malodi ambao wamelisema hili hadharani na kudai sheria ibadilishwe, kwa hiyo msiseme wenyewe wameridhika. Kusubiri mpaka mfumo wote uanguke ndipo atendewe haki ni kumwambia asubiri milele.

Kuna jambo moja ambalo waungaji mkono wenzangu tunalikwepa. Mke wa lodi anaitwa Lady siku anapoolewa. Mume wa mwanamke mwenye cheo haitwi kitu. Anabaki na jina lake. Mabinti wakianza kurithi, waume zao wapewe cha kuitwa, au wake za malodi nao waache kupewa? Mimi naona waache wote, ndoa isigawe cheo kwa yeyote. Mnaopinga, na mnaokubaliana nami, leteni yenu kuhusu hilo.